Mwongozo wa mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu: kudai haki hatua kwa hatua

Mnunuzi anayeshindwa kurudishiwa fedha zake mara nyingi huwa na sheria upande wake. Anachokosa ni maandishi, tarehe, na ufahamu wa kile hasa anachodai na kwa nani. Huenda dukani akiwa amekasirika, hugombana na karani asiye na mamlaka ya kuamua lolote, huambiwa arudi wiki ijayo, na baada ya kuzungushwa miezi miwili hukata tamaa. Mwongozo huu unafuata njia nyingine, yaani kuandaa dai tangu siku ya kwanza kana kwamba litasomwa na hakimu, hata kama halitafika mahakamani. Madai yaliyoandaliwa hivyo mengi humalizika mapema, kwa kuwa muuzaji mwenye busara huona mwisho wake.

Yanayoelezwa hapa yanamhusu mtu aliyenunua bidhaa au huduma kwa matumizi yake binafsi au ya nyumbani. Aliyenunua ili auze tena, au kwa ajili ya biashara yake, katika nchi nyingi hahesabiwi kuwa mlaji mbele ya sheria za kumlinda mlaji, ingawa bado anaweza kuegemea mkataba wake na sheria ya kawaida ya mauziano. Viwango na muda hutofautiana kati ya nchi na nchi. Mifano ya nchi iliyotajwa inaonyesha jinsi kanuni inavyofanya kazi, na kila msomaji anapaswa kulinganisha na sheria ya mahali aliponunulia.

Hatua ya kwanza: litaje kosa kwa jina lake

Kabla ya kulalamika, jiulize umekosewa nini. Bidhaa inaweza kuwa mbovu. Inaweza kuwa nzima lakini isifanane na maelezo yaliyotolewa. Inaweza kufanana na maelezo lakini isifae kwa kazi uliyomweleza muuzaji kabla ya kulipa. Inaweza kuchelewa au isifike kabisa. Huenda ulishawishiwa kwa maneno ya uongo, au bidhaa yenyewe ilikujeruhi. Kila moja kati ya haya lina mlango wake wa kisheria, na mlalamikaji anayeyachanganya yote katika malalamiko marefu ya hasira humpa muuzaji nafasi ya kujibu lile dogo na kulinyamazia kubwa.

Msingi wa matatu ya mwanzo ni wa zamani. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893, ambayo nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza ziliirithi kwa namna moja au nyingine, zikiwemo Kenya na Tanzania, iliweka masharti ambayo huhesabiwa kuwa ndani ya mkataba hata kama hayakutamkwa na mtu yeyote: kwamba bidhaa itafanana na maelezo yake, kwamba itakuwa na ubora unaostahili kuuzika, na kwamba itafaa kwa matumizi ambayo mnunuzi alimjulisha muuzaji huku akitegemea ujuzi wake. Ndiyo maana si lazima uwe na mkataba wenye kurasa kumi ili uwe na haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi, na katika kifungu cha 46 inampa mlaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro.

Kuna mipaka ambayo ni vyema kuikubali mapema. Kasoro uliyoonyeshwa kabla ya kununua huwezi kuilalamikia baadaye, wala ile ambayo ungeiona kwa urahisi ikiwa uliikagua bidhaa mwenyewe. Kitu kilichokwisha kutumika hupimwa kwa umri na bei yake, na hakuna hakimu atakayetarajia gari la miaka 15 liwe na injini ya mwaka huu. Na ukibadili nia tu, huku bidhaa haina kasoro, sheria kwa kawaida haikusaidii, isipokuwa uliponunua bila kuiona au uliposhawishiwa na mtu aliyekufuata. Katika Umoja wa Ulaya mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu. Nchini Marekani kanuni ya serikali kuu hutoa siku 3 za kazi kwa mauzo mengi yanayofanyika nyumbani kwa mnunuzi, na nchini Afrika Kusini ni siku 5 za kazi kwa mauzo yaliyotokana na muuzaji kumwendea mnunuzi moja kwa moja. Hata hapo, bidhaa iliyotengenezwa kwa vipimo vyako au inayoharibika upesi kwa kawaida huachwa nje ya kanuni hizo.

Hapa ndipo linapoingia lile tangazo la ukutani au kwenye risiti, "Mali ikishauzwa hairudishwi". Wanunuzi wengi huliamini kuliko sheria yenyewe. Kwa mtu aliyebadili nia, tangazo hilo lina nguvu. Kwa mtu aliyeuziwa kitu kibovu, nchi zenye sheria ya kumlinda mlaji kwa kawaida hazimruhusu muuzaji kujivua wajibu kwa maandishi yake mwenyewe, na baadhi yazo huhesabu tangazo la namna hiyo kuwa ni upotoshaji.

Hatua ya pili: hifadhi ushahidi kabla haujabadilika

Acha kutumia bidhaa mara tu unapogundua kasoro. Anayeendelea kuitumia kwa wiki kadhaa humpa muuzaji hoja mbili: kwamba ameikubali, na kwamba ameiharibu mwenyewe. Usimpe fundi wako aifungue kabla muuzaji hajapata nafasi ya kuiangalia, kwa sababu baada ya bisibisi kugusa skrubu, ugomvi hugeuka kuwa wa nani aliyeiharibu. Ukihitaji fundi wa kujitegemea, mwombe ripoti ya maandishi yenye tarehe, aliyoyakuta na chanzo anachokiona, na umwombe asibadilishe kitu.

Piga picha kasoro yenyewe, namba ya bidhaa, kifungashio na lebo. Ikiwa kasoro huja na kupotea, kama simu inayojizima, rekodi video. Tangazo la mtandaoni hunakiliwa siku hiyohiyo, ukurasa mzima, anwani na tarehe zikionekana, maana wauzaji wengine hulibadilisha mara tu malalamiko yanapoanza. Mazungumzo ya simu yafuatishe kwa ujumbe mfupi: "Kama tulivyozungumza leo saa nne asubuhi, umesema utanibadilishia betri kabla ya Ijumaa." Asipopinga, umepata maandishi.

Kupoteza risiti si mwisho wa dai. Kinachotakiwa ni kuthibitisha kwamba ulinunua, kwa nani, lini na kwa kiasi gani, na hilo linaweza kuthibitishwa kwa ujumbe wa muamala wa simu, taarifa ya benki, hati ya kupokelea mzigo, au hata shahidi aliyekuwapo. Risiti hurahisisha kazi, ndiyo maana uidai kila unaponunua, lakini muuzaji anayesema "bila risiti hatukujui" wakati muamala uko kwenye simu yako anajaribu bahati tu.

Hatua ya tatu: mjue unayemdai

Jibu ambalo mnunuzi husikia kuliko yote ni kwamba aende kwa mtengenezaji. Katika mkataba wa mauziano, aliyepokea fedha zako ndiye aliyebeba masharti ya ubora, na akikulipa wewe, yeye ndiye atakayegeuka kumdai aliyemuuzia. Waranti ya mtengenezaji ni nyongeza juu ya haki hiyo na haichukui nafasi yake. Kwa hiyo waranti ikiisha baada ya mwaka mmoja, dai lako dhidi ya muuzaji halifi papo hapo, ingawa kadiri muda unavyopita ndivyo inavyokuwa vigumu kuonyesha kwamba kasoro ilikuwapo tangu mwanzo.

Mtengenezaji huingia kwa njia yake pale bidhaa inapoleta madhara. Kesi iliyofungua mlango huo ni ya Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1932. Mwanamke mmoja, mwaka 1928, alikuwa na rafiki yake katika mkahawa mjini Paisley, Scotland, rafiki akamnunulia kinywaji cha tangawizi kilichokuwa katika chupa isiyopenyeza mwanga. Alipokuwa amekwisha kunywa sehemu yake, kwa maelezo yake, kilichobaki kilimiminwa na mabaki ya konokono yakatoka. Hakuwa na mkataba na mwenye mkahawa, kwa kuwa hakulipa yeye, wala hakuwa na mkataba na mtengenezaji. Majaji, watatu dhidi ya wawili, waliamua kwamba mtengenezaji anayetoa bidhaa itakayomfikia mtumiaji bila nafasi ya kukaguliwa njiani ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa mtumiaji huyo. Faida yake kwa msomaji wa leo ni kwamba aliyepewa zawadi, au mtoto aliyejeruhiwa na kifaa alichonunua mzazi, naye ana wa kumdai.

Mtandaoni, soma vizuri kabla ya kumtaja mdaiwa. Soko la mtandaoni linaweza kuwa muuzaji lenyewe au linaweza kuwa uwanja tu ambapo wengine huuza, na jina lililo kwenye ankara ndilo huamua mara nyingi. Tafuta jina kamili lililosajiliwa katika msajili wa kampuni na anwani yake. Jina la kwenye kibao cha duka si lazima liwe jina la kampuni, na hukumu dhidi ya jina lisilo na mwenyewe haina wa kulipa.

Hatua ya nne: chagua unachotaka

Tiba za kawaida ni tano: kutengenezewa, kubadilishiwa, kupunguziwa bei, kurudishiwa fedha zote, na kulipwa fidia ya hasara iliyofuata. Zina mpangilio wake kisheria, na kuudai mwisho kabla ya mwanzo kunaweza kukuangusha. Uingereza, chini ya Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015, mnunuzi ana siku 30 za kukataa bidhaa mbovu na kurudishiwa fedha zote. Zikipita, muuzaji anapewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na ikishindikana mnunuzi huchagua kupunguziwa bei au kuirudisha. Nchini Afrika Kusini, ndani ya miezi 6, bidhaa isiyokidhi ubora hurudishwa, na ni mnunuzi anayechagua kati ya kutengenezewa, kubadilishiwa na kurudishiwa fedha. Umoja wa Ulaya umeweka wajibu wa muuzaji kwa angalau miaka 2 kwa bidhaa mpya, na katika mwaka wa kwanza kasoro inayojitokeza huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu siku ya kukabidhiwa, hadi muuzaji athibitishe vinginevyo.

Hilo la nani anabeba mzigo wa kuthibitisha ndilo ninaloliona kuwa na uzito mkubwa kuliko yote katika sheria hizi, na ndilo lisilotajwa sana. Pale mzigo unapokuwa kwa muuzaji, kusema kwake kwamba "umeidondosha" hakutoshi. Pale sheria isipouhamisha, ni wewe utakayetakiwa kuonyesha, na ndipo ripoti ya fundi inapokuwa na thamani kuliko barua kumi.

Ukikubali itengenezwe, andika kwamba unakubali bila kuacha haki yako ya kuirudisha iwapo kasoro itarudi, na taja siku unayotarajia kuipata. Bila sentensi hiyo, matengenezo ya "wiki moja tu" yanaweza kumeza muda wote wa kisheria uliokuwa nao.

Hatua ya tano: andika barua ya madai

Barua hii ndiyo moyo wa dai. Haihitaji wakili wala lugha ya vitisho. Inahitaji kueleza ulichonunua, kilichotokea, unachoegemea kisheria, unachodai na siku ya mwisho. Mfano wake unaweza kuwa huu:

"Tarehe 3 Machi nilinunua kwenu friji, kwa ankara namba iliyoambatishwa, na kulipa bei yote. Tarehe 19 Machi ilikoma kupoza. Niliwajulisha siku hiyohiyo kwa ujumbe wa simu, na tarehe 2 Aprili fundi wenu aliitengeneza. Tarehe 10 Aprili ilikoma tena kwa kasoro ileile. Bidhaa hii haina ubora unaotakiwa na sheria ya mauziano. Kwa kuwa matengenezo yameshindikana, naikataa na kudai nirudishiwe bei yote, pamoja na gharama ya usafirishaji kwa mujibu wa risiti iliyoambatishwa, ndani ya siku 14 kuanzia mnapopokea barua hii. Friji ipo kwangu, imezimwa, nanyi mnaweza kuja kuichukua siku yoyote ya kazi. Nisipolipwa ndani ya muda huo, nitawasilisha dai hili katika mamlaka husika na mahakamani bila taarifa nyingine."

Tazama kwamba hakuna neno "matapeli" ndani yake. Barua hii huenda ikasomwa na hakimu, na matusi hayana kifungu. Ipeleke kwa njia inayoacha alama: kwa mkono ukasainiwa nakala, kwa posta ya rejista, au kwa barua pepe kwa anwani rasmi ya kampuni. Muda wa siku 14 si wa kisheria kila mahali, lakini ni wa haki, na mtu aliyetoa muda wa saa 24 huonekana mbele ya msuluhishi kuwa ndiye asiyetaka mapatano.

Ukiletewa kiasi pungufu na karatasi ya kusaini, isome yote. Maneno "malipo kamili na ya mwisho" yanafunga dai hata kama uliahidiwa kwa mdomo kwamba kilichobaki kitafuata.

Hatua ya sita: ifuate fedha ilikopitia

Ukilipa kwa kadi, wasiliana na benki iliyokupa kadi mara moja, kwa kuwa mitandao ya kadi ina utaratibu wa kumrudishia mteja malipo ya bidhaa isiyofika au isiyolingana na maelezo, na muda wake ni mfupi. Uingereza, kwa kadi ya mkopo, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 humfanya mkopeshaji awajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha bei inayozidi pauni 100 hadi pauni 30,000. Ukilipa kwa simu, toa taarifa kwa kampuni ya huduma ndani ya saa chache, kabla fedha hazijatolewa. Aliyetoweka na namba yake kuzimwa siku aliyopokea fedha ni tapeli, na huyo huripotiwa polisi. Fahamu tu kwamba kesi ya jinai humwadhibu mkosaji, na kurudishiwa fedha kunaweza kuhitaji shauri la madai kando yake.

Hatua ya saba: mamlaka za usimamizi

Mnunuzi hutarajia mengi mno hapa au kidogo mno. Mamlaka ya ushindani, kama Mamlaka ya Ushindani ya Kenya au Tume ya Ushindani nchini Tanzania, kazi yake kubwa ni kulinda soko: kuchunguza matangazo ya uongo, bidhaa bandia na mienendo ya dhuluma, na kumwadhibu anayeifanya. Muuzaji akiandikiwa na mamlaka, mara nyingi hulimaliza dai la mteja ili faili lifungwe, na hiyo ni faida halisi. Lakini mamlaka si wakili wako. Ukihitaji fidia ya hasara maalumu, mlango wake kwa kawaida ni mahakama au baraza lenye uwezo wa kuitoa.

Kwa huduma zenye msimamizi wake, kama mawasiliano, umeme, benki, bima na usafiri, nenda kwa msimamizi wa sekta hiyo. Karibu wote watakuuliza swali moja kabla ya kufungua jalada: umemlalamikia mtoa huduma kwanza, na alijibu nini? Barua ya hatua ya tano ndilo jibu. Bidhaa inayohatarisha maisha, kama chaja inayowaka au dawa bandia, usiisubirishe kwa utaratibu huu wote. Iripoti kwa shirika la viwango au mamlaka ya dawa siku hiyohiyo, kwa ajili ya wengine walioinunua.

Kuhusu kumwanika muuzaji mitandaoni, nina tahadhari. Kueleza kwa ukweli kilichokupata, kwa tarehe na picha, ni haki yako katika nchi nyingi. Kumwita mwizi kabla ya kuthibitisha kunaweza kukugeuza wewe kuwa mdaiwa katika kesi ya kashfa.

Hatua ya nane: mahakama ya madai madogo

Nchi nyingi zimeunda mahakama au mabaraza ya madai madogo kwa sababu kesi ya kawaida hugharimu kuliko friji. Nchini Kenya, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu lifunguliwe, mdai anaruhusiwa kujisimamia bila wakili, na rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu. India ina tume za migogoro ya walaji katika ngazi ya wilaya, jimbo na taifa, na sheria yake ya mwaka 2019 inamruhusu mlalamikaji kufungua shauri mahali anapoishi, jambo linalomwokoa aliyenunua mtandaoni kutoka upande wa pili wa nchi.

Andaa jalada lenye ukurasa mmoja wa matukio kwa tarehe, kisha vielelezo vilivyopewa namba kwa mfuatano huohuo: ankara, picha, ujumbe, ripoti ya fundi, barua ya madai na uthibitisho kwamba ilipokelewa. Hasara unayodai ithibitishwe kwa risiti, na iwe imetokana na kosa hilo. Chakula kilichoharibika ndani ya friji kinadaiwa. Muda uliopoteza ukifikiria jambo hilo ni vigumu kulipwa. Ukielekezwa kwenye upatanishi kwanza, nenda ukiwa umeamua kiasi cha chini utakachokubali, ukikumbuka kwamba fedha taslimu leo mara nyingi ni bora kuliko hukumu kubwa zaidi ya mwaka kesho.

Usiuache muda wa ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua shauri, ukupite. Kenya hutoa miaka 6 kwa dai la mkataba lakini miaka 3 kwa dai la madhara lisilotokana na mkataba, na tume za India hutoa miaka 2. Kuendelea kujibizana na muuzaji kwa kawaida hakusimamishi saa hiyo, na wapo wauzaji wanaojibu kwa upole mwaka baada ya mwaka kwa sababu hiyohiyo.

Hukumu ikitoka na muuzaji asilipe, mahakama hailipi kwa niaba yake. Ni wewe utakayeomba utekelezaji: kukamatwa kwa mali, kuzuiwa kwa fedha zilizo benki, au njia nyingine inayoruhusiwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya kufungua shauri, hakikisha kampuni bado ipo katika daftari la msajili na haimo katika ufilisi, kisha angalia kama ina duka, magari au akaunti inayojulikana. Ikiwa haina chochote, benki iliyotoa kadi, mtengenezaji au soko la mtandaoni ndio wa kutazamwa, na dai liandikwe upya kwa jina lao.